Sura ya Saba: Nani Aruhusiwe Kupiga Simu ya Nje

Anayenunua mtambo wa simu wa ofisi hununua vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Kuna sanduku linalounganisha meza na meza, na kuna laini chache zinazotoka nje. Sanduku hulipiwa mara moja. Laini za nje hulipiwa kila mwezi, na yeyote mwenye simu mezani anaweza kuzitumia hadi salio likauke au bili ifike imevimba. Kwa hiyo tangu simu ziingie maofisini, laini ya nje haijawahi kukosa mlinzi.

Mlinzi wa kwanza alikuwa binadamu. Opereta wa swichibodi aliketi mapokezi, akapigiwa simu na karani wa ghorofani, akauliza: unataka wapi, na kwa kazi gani? Kama ni Mombasa, aliandika kwenye daftari jina la mpigaji, namba na dakika. Mwisho wa mwezi mhasibu alilinganisha daftari na bili. Opereta mzuri alijua ni nani anayempigia mteja Kisumu na ni nani anayemjulia hali shangazi. Alikuwa na uwezo wa kukataa, na zaidi ya hayo alikuwa na busara ya kukubali: mfanyakazi aliyefiwa hakuambiwa asubiri kibali cha meneja.

Mitambo ya kujipigia ndiyo iliyomwondoa opereta katikati. Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City huko Marekani, alipata hataza ya swichi yake ya kujiendesha mwaka 1891, na ndani ya miongo michache mtu akaweza kuzungusha kisahani na kufika mwenyewe anakotaka. Wenye ofisi wakabaki na simu zisizo na mtu wa kuzilinda. Dawa iliyopatikana Nairobi, kama kwingineko, ilikuwa kufuli. Waliofanya kazi enzi za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililoundwa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, wanakikumbuka kile kikufuli kidogo cha chuma kilichopachikwa kwenye tundu la kisahani ili kisizunguke. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa bosi.

Kufuli hiyo ilikuwa na kasoro ambayo matarishi waliijua kabla ya mabosi. Kisahani kilifanya kazi moja tu: kukatakata mkondo wa umeme kwenye waya, mara tatu kwa namba tatu, mara kumi kwa sifuri. Kitako unapolala mkono wa simu hukata mkondo uleule. Mwenye kidole chepesi aliinua mkono wa simu, akagonga kitako kwa mapigo yaliyohesabiwa, akatua kidogo baina ya tarakimu na tarakimu, na simu ikaita upande wa pili huku kufuli ikiwa mahali pake. Kilichofungwa kilikuwa kisahani. Laini yenyewe ilikuwa wazi muda wote. Makosa mengi yanayofanywa leo kwenye mitambo ya kisasa ni ya namna hiyohiyo, na sura hii inahusu namna ya kuyaepuka.

Mpango wa kuamua nani apige wapi nitaueleza nikiwa Pipeline, kwa sababu hapo ndipo biashara ndogo ya Nairobi inaonekana ilivyo. Mtaa huu wa Embakasi Kusini ulipata jina kutokana na bomba la mafuta la Kenya Pipeline, lililoanza kusukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978. Mgeni anayeteremka kutoka barabara ya Outer Ring huona ukuta wa ploti za ghorofa saba, nane na zaidi, chumba juu ya chumba, nguo zimeanikwa hadi anga linakuwa utepe. Ghorofa za chini ni biashara tupu: duka la dawa, zahanati, shule ya chekechea, saluni, duka la vifaa vya ujenzi, ofisi ya sako ya matatu, kampuni ya mikopo midogo. Nyingi ya ploti hizi zilijengwa wakati nyaya za shaba za simu zilikuwa tayari zimeanza kuachwa, kwa kuibwa na kwa kupitwa na wakati, kwa hiyo waya wa kampuni ya simu ya Telkom haukuwahi kufika humo. Laini ya nje hapa huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kisanduku chenye antena ambamo huingizwa laini za Safaricom au Airtel, kama zinavyoingizwa kwenye simu ya mkononi. Ya pili ni intaneti ya waya, ambayo tangu kebo za TEAMS na SEACOM zitue Mombasa mwaka 2009 imeshuka bei hadi ikafika kwa mwenye duka la ghorofa ya chini.

Tuseme kuna zahanati ya ghorofa nne, ya kubuni lakini ya kawaida kabisa kwa mtaa huu. Ina simu kumi na mbili: mapokezi, duka la dawa, maabara, vyumba viwili vya daktari, wodi ya wazazi, ofisi ya mhasibu, ya meneja, ya mkurugenzi, stoo, jikoni, na moja ukutani kwenye kibanda cha soja wa geti. Laini za nje ni nne. Fundi anakuja kufunga mtambo, anauliza swali moja tu: "Nani asipige nje?" Mkurugenzi anajibu bila kufikiri: jikoni, stoo, soja. Fundi anabofya, anapokea pesa yake, anaondoka.

Swali hilo limegeuzwa kichwa chini. Linalotakiwa kuulizwa ni kila meza inahitaji kupiga wapi ili kazi yake iende. Maabara hupigia hospitali kubwa kupeleka sampuli na hupokea majibu, haina haja ya ng'ambo. Mhasibu hupigia benki na wasambazaji wa dawa, wengi wao wakiwa na namba za mezani za 020. Mkurugenzi ana mshirika Kampala. Wodi ya wazazi huita ambulensi saa nane za usiku. Ukiandika majibu hayo kwenye karatasi kabla ya kugusa mtambo, umeshamaliza nusu ya kazi, na ni nusu ambayo fundi hawezi kukufanyia kwa kuwa haijui zahanati yako.

Mitambo ya ofisi, iwe ya Panasonic iliyoenea sana Nairobi au programu ya bure kama Asterisk inayokaa ndani ya kompyuta ndogo, huyashika majibu hayo kwa namna moja. Kila ekstensheni, yaani kila simu ya mezani, hupewa daraja. Kila daraja huwa na orodha ya mianzo ya namba inayoruhusiwa. Mtu akibonyeza 9 kuomba laini ya nje kisha akaanza kupiga, mtambo husoma tarakimu moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na orodha ya daraja lake. Zikikubaliana, laini hufunguka. Zisipokubaliana, anasikia mlio wa kukataliwa. Unaweza pia kuamua daraja libadilike saa za kazi zikiisha, au kumpa mtu namba ya siri ya kufungulia simu yoyote kwa muda, na gharama ikaandikwa kwa jina lake.

Sasa tuingie kwenye namba zenyewe. Hapa ndipo mafundi waliojifunza kwa vitabu vya nchi nyingine huharibu.

Kenya hatupigi ng'ambo kwa sifuri mbili kama Ulaya. Mwanzo wetu wa kimataifa ni 000. Majirani wawili wana njia yao ya mkato: Uganda ni 006, Tanzania ni 007. Fundi anayefunga 000 peke yake amefunga London na Dubai, akaacha Kampala na Dar es Salaam wazi. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Namba zote za kawaida za humu nchini huanza na sifuri: 07 na 01 za mkononi, 020 za Nairobi, 041 za Mombasa. Fundi mvivu huandika kanuni moja fupi kwamba chochote kinachoanza na 0 kipite. Kinapita kweli, 000 ikiwemo. Kwenye Asterisk kosa hilo ni alama mbili tu, sifuri na nukta, na nukta hiyo maana yake ni "chochote kinachofuata, kwa urefu wowote". Kanuni salama hutaja mwanzo na hutaja urefu: 07 ikifuatwa na tarakimu nane, basi, 01 ikifuatwa na tarakimu nane, basi, 020 ikifuatwa na tarakimu saba, basi. Namba ndefu kuliko hapo haipiti, hata ingekuwa na mwanzo mzuri.

Hiyo 01 nayo ina kisa. Kwa miaka mingi simu za mkononi za Kenya zilikuwa 07 peke yake, na mitambo iliyofungwa wakati huo iliandikwa hivyo. Mwaka 2019 mianzo ya 07 ilipokaribia kuisha, Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa mianzo ya 01, Safaricom 0110 na 0111, Airtel 0100 hadi 0102. Wateja wapya wakaanza kuipata. Ofisi ambazo mitambo yao haikuguswa zikawa haziwezi kuwapigia wateja hao, na mlio wa kukataliwa haumwambii karani sababu. Anadhani mteja amezima simu. Kwa zahanati, mteja huyo anaweza kuwa mgonjwa ambaye majibu yake ya maabara yametoka. Kanuni za laini ya nje zina umri, na mtu fulani ofisini awe na jukumu la kuzipitia kila mwaka.

Usisahau 0900, mwanzo wa namba za kulipia zaidi, ambazo hakuna meza ya zahanati inayozihitaji. Na kwenye visanduku vya laini za mkononi, funga namba za nyota na reli. Baadhi ya visanduku huzipitisha, na kwa njia hiyo salio la kampuni linaweza kusambazwa kwenda laini ya mtu. Laini inayokaa kwenye kisanduku isisajiliwe M-Pesa hata kidogo.

Kuna mtego mwingine mdogo ambao nauogopa kuliko yote. Tarakimu ya kuomba laini ya nje ni 9. Namba ya dharura ya polisi ni 999. Muuguzi aliyeshikwa na hofu anabonyeza 9, 9, 9 moja kwa moja, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Mtambo unaichukua 9 ya kwanza kuwa ombi la laini, unabaki na 99, na unangoja tarakimu zaidi. Muuguzi anasikia kimya. Sekunde zinakwenda. Mitambo karibu yote ina mahali pa kuandika namba za dharura zinazopita bila 9 na bila kuulizwa daraja, hata kwenye simu iliyofungwa. Mahali hapo mara nyingi hujazwa kiwandani kwa namba za nchi nyingine au huachwa patupu. Andika 999 na 112. Ongeza 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 116 ya watoto na 1195 ya waliodhulumiwa kijinsia, maana zahanati ya mtaa ndiyo mlango wa kwanza wa watu hao. Namba hizi ni fupi, na kanuni ya kudai tarakimu kumi itazikataa usipozitaja kwa jina.

Hapo turudi kwa soja wa geti. Katika mitambo mingi niliyoiona, simu ya soja ndiyo imefungwa kuliko zote, kwa hoja kwamba usiku yuko peke yake na atapiga porojo. Fikiria usiku wenyewe. Geti limefungwa, mkurugenzi yuko Syokimau, mhasibu amelala. Waya ukilipuka ghorofa ya tatu, mama mjamzito akigonga geti, vijana wakiruka ukuta, mtu wa kwanza kujua ni soja. Simu yake inatakiwa kufika polisi, ambulensi, daktari wa zamu, meneja, na Kenya Power kwa 97771, ambayo nayo huanza na 9 na lazima itangulizwe nyingine. Hazihitaji kuwa zaidi ya namba kumi. Ziandikwe moja moja kwenye daraja lake, na nyingine zote zikae zimefungwa. Mkurugenzi mwenyewe, ambaye simu yake imefunguliwa dunia nzima kwa sababu ya cheo, humpigia mshirika wa Kampala kwa WhatsApp. Simu iliyo wazi kwenye ofisi isiyo na mtu usiku ndiyo anayoitafuta mwizi.

Mwizi huyo hatoki Pipeline. Zamani hofu ya mwenye ofisi ilikuwa karani wake mwenyewe, na ilikuwa hofu ya haki, kwa sababu dakika ilikuwa ghali. Hofu hiyo imepungua. Agosti 2010 tume ya mawasiliano ya wakati huo ilipunguza kwa nusu ada ambayo kampuni za simu hutozana, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, Zain, ambayo sasa ni Airtel, ikashusha bei ya dakika hadi shilingi 3, na wengine wakalazimika kufuata. Ada hiyo iliendelea kushuka, na Machi 2024 ilifika senti 41. Leo karani ana bando lake mfukoni. Simu ya mezani haimtamanishi. Anayeitamani ni mtu aliye mbali, mwenye kompyuta inayobisha hodi usiku na mchana kwenye kila anwani ya intaneti iliyo na mtambo wa simu.

Kompyuta hiyo hujaribu ekstensheni 100, 101, 102, na kwa kila moja nywila rahisi: namba ya ekstensheni yenyewe, au 1234, ambayo mitambo mingi hutoka nayo kiwandani. Ikifungukiwa, haifanyi lolote hapo hapo. Hungoja Ijumaa usiku au sikukuu. Kisha, kupitia laini za nje za zahanati yetu, hupiga simu nyingi kwa pamoja kwenda namba ghali za nchi za mbali, ambako mwizi ana mkataba wa kugawana mapato ya kila dakika. Simu hizo hazina mazungumzo ndani yake. Zinaachwa wazi tu, zinahesabu. Jumatatu asubuhi mhasibu anakuta deni. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamhesabu aliyeingia kuwa mhalifu, lakini yeye yuko nje ya mipaka yetu, na mikataba ya simu kwa kawaida humtaka mwenye laini alipe kilichotoka kwenye laini yake.

Katika shambulio kama hilo ndipo thamani ya mpango wa madaraja huonekana. Mwizi aliyeiba ekstensheni ya maabara amepata haki za maabara, si zaidi. Kama maabara haikuruhusiwa 000, anapiga na kukataliwa, anaondoka kutafuta ploti nyingine. Akiiba ya mkurugenzi iliyo wazi, amepata dunia. Kwa hiyo daraja la juu liwe na namba ya siri ndefu, na lijifunge saa za kazi zikiisha. Bora zaidi, mwombe mtoa huduma afunge simu za kimataifa kwake kabisa, ili hata mtambo wako ukitekwa, mlango wa pili ubaki umefungwa. Chukua laini ya malipo ya kabla, yenye kiasi unachoweza kupoteza bila zahanati kufungwa. Weka kikomo cha simu zinazotoka kwa wakati mmoja: zahanati ya laini nne haina sababu ya kupiga simu ishirini. Na usiufungue mtambo kwa intaneti yote ili tu meneja apige akiwa nyumbani.

Imebaki mianya miwili ambayo, kama ule ujanja wa kugonga kitako, hupita pembeni ya kufuli. Wa kwanza ni kuhamisha simu. Ekstensheni iliyokatazwa ng'ambo inaweza kuwekwa ijihamishe yenyewe kwenda namba ya nje, au simu iliyoingia ikaunganishwa na nyingine inayotoka. Kwenye mitambo mingi uhamisho una ruhusa zake, mbali na za kupiga. Zifunge pia. Wa pili ni huduma ya kumruhusu mtu aliye nje apige ofisini, atoe namba ya siri, kisha apewe laini ya nje ya ofisi. Ilibuniwa kwa ajili ya wafanyabiashara wanaosafiri. Kwa zahanati ya Pipeline haina kazi. Izime.

Kazi ikiisha, usimruhusu fundi aondoke kabla hamjazunguka pamoja simu kwa simu. Pigeni 07, pigeni 01, pigeni 020, zipite zinapotakiwa. Pigeni 000, 006, 007 na 0900 kwenye meza ambazo hazikupewa, zikatae. 999 msiipige kwa majaribio, kwa sababu kuna mtu anaihitaji wakati huo. Fundi akuonyeshe kwenye skrini ilipoandikwa. Badilisheni nywila ya mtambo mbele yako, uiandike wewe, si yeye. Kisha chukua ile karatasi ya mwanzo, yenye kila meza na inakopiga, tia tarehe, ibandike ndani ya mlango wa kabati la mtambo. Nakala ya pili mpe soja, na umwonyeshe kwa mkono namba zake kumi ni zipi.